Robo Kilo ya Kuku na Moto Mkali

Nimeombwa nizungumzie kuku wa kukaanga kwa mtindo wa Kichina, yule anayeiva kwa dakika nne au tano, na jinsi ya kumpika nyumbani kwa jiko tulilo nalo. Huenda wengi mlitarajia nianze na viungo. Nitaanza na mizani. Tangu nianze kufundisha mapishi haya nimeona watu wakiangushwa na wingi wa nyama kuliko na jambo lingine lolote, na aliyelieleza jambo hilo vizuri kuliko wote alilieleza zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Huyo ni Yuan Mei, mshairi wa Kichina aliyezaliwa mwaka 1716. Aliacha utumishi wa serikali mapema, akajijengea makazi yenye bustani huko Nanjing, akaishi kwa kalamu yake. Mwaka 1792 alichapisha kitabu cha mapishi, Suiyuan Shidan. Kazi ya jikoni ilikuwa ya wapishi wake, lakini kwa miaka kama 40 kila alipokula nyumbani kwa mtu akapendezwa, alimtuma mpishi wake aende kwenye jiko la nyumba hiyo akajifunze, kisha yeye mwenyewe akaandika. Kabla ya kutaja chakula hata kimoja, anaweka mambo ambayo mpishi lazima ayajue na mambo ambayo lazima ayaepuke. Katika yale ya kujua limo fungu fupi sana kuhusu wingi na uchache. Nikilieleza kwa maneno yangu, anasema vitu vya kukaangwa vikizidi, nguvu ya moto haivipenyi na nyama hailainiki. Kwa hiyo anaweka mpaka, kwa vipimo vya uzito vya Kichina: nyama isizidi nusu jin, na kuku au samaki asizidi liang sita. Liang ya enzi ile ilikuwa kama gramu 37, hivyo liang sita ni kama gramu 220. Hata robo kilo haifiki.

Nawaombeni mkishike kipimo hicho. Kuku mmoja wa kisasa wa sokoni kwetu, aliyechinjwa na kusafishwa, ana kilo moja na kitu. Ukitoa mifupa unabaki na mnofu wa gramu 600 au 700 hivi. Hiyo ni karibu mara tatu ya mpaka wa Yuan Mei, na ndiyo ambayo mama wa familia huimimina yote kwenye kikaango kwa mkupuo mmoja, kwa sababu anawawazia watoto wanaomsubiri. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa uchungu kabisa: "Mwalimu, kwenye mgahawa wa Wachina kuku anatoka anang'aa, kila kipande peke yake. Mbona kwangu anageuka mchuzi?" Nikamwuliza, "Mama, unapika kuku kiasi gani?" Akasema, "Mzima, Mwalimu. Tuko saba nyumbani." Jibu lilikuwa limo humo humo.

Tupige hesabu, kwa sababu moto haubembelezwi. Kilo moja ya nyama ya kuku inahitaji kama kilojuli 3.5 ili ipande joto kwa digrii moja. Ukiitoa kwenye friji ikiwa na digrii 5 na unataka ifike 75, hizo ni digrii 70. Gramu 700 zitadai kilojuli 170 hivi; gramu 220 zitadai 54 tu. Jiko kubwa la gesi la nyumbani hutoa kama kilowati 3, na zaidi ya nusu ya joto hilo hupita pembeni ya chombo na kupotelea hewani. Tuseme kilowati 1.2 ndizo zinazoingia. Basi nyama ya Yuan Mei inapata joto lake kwa muda wa sekunde 45. Nyama ya yule mama inahitaji dakika mbili na sekunde 20, na hapo bado hatujayahesabu maji.

Maji ndiyo adui mwenyewe. Nyuzi za nyama zikipita digrii 60 hujikunja na kukamua maji yaliyomo ndani yake. Kama chombo kina moto wa kutosha, maji hayo hugeuka mvuke pale pale yanapotoka. Kama hakina, maji hukusanyika chini, na kuyageuza mvuke ni kazi nzito: gramu 100 tu za maji, yaani chini ya nusu kikombe, hula zaidi ya kilojuli 220. Kwa jiko letu hizo ni dakika tatu nyingine. Na maadamu maji yapo chini ya nyama, joto la pale halipiti digrii 100, wakati ile rangi ya dhahabu na ile harufu ya kuchomeka kidogo tunayoipenda huanza kutokea kwenye digrii 140 hivi. Kwa hiyo kuku anachemka ndani ya maji yake mwenyewe, anazidi kukakamaa, na mpishi kwa kuona maji anaongeza muda, na kwa kuongeza muda anapata maji zaidi. Mchuzi wa namna hiyo hauponi kwa kuongeza soya sosi. Unaponea kwenye mizani, kabla kiberiti hakijawashwa.

Migahawa haina shida hii kwa sababu moto wake ni wa aina nyingine. Jiko la mgahawa wa Kichina linaweza kutoa kilowati 30, yaani mara kumi ya lile la nyumbani. Watafiti wawili wa Marekani, Hungtang Ko na David Hu, waliwarekodi wapishi wa migahawani wakikaanga wali, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2020 walionyesha kwamba wapishi hao huurusha wali ndani ya karai karibu mara tatu kila sekunde. Wanaurusha kwa sababu moto ule ungeuunguza kama ungetulia. Vijana wengi wanaoiga kurusha huko nyumbani hunyanyua chombo juu ya moto mdogo na kukipoza. Wewe mwenye kilowati tatu acha karai likae juu ya moto. Tandaza nyama, iache nusu dakika ishike rangi, ndipo uigeuze kwa mwiko. Fahari ya kurusha tuwaachie wenye moto wake.

Sasa tuje kwenye kisu, kwa sababu haraka yote ya chakula hiki inatengenezwa kwenye ubao. Joto huingia ndani ya nyama polepole, na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa joto kufika katikati huongezeka kama mara nne. Kipande cha sentimita tatu hakichukui mara mbili ya muda wa kipande cha sentimita moja na nusu; kinachukua mara nne. Ndiyo maana mpishi wa Kichina anakata kila kitu sawasawa kabla hajaukaribia moto. Vipande visivyolingana haviivi pamoja: vidogo vitakuwa vimekauka wakati vikubwa bado vina damu.

Hapa mezani nina paja la kuku wa kisasa. Waliokaa nyuma wasogee kama wanataka kuona. Nalilaza ngozi ikiwa chini. Ncha ya kisu inapita juu ya mfupa kutoka kiungo hadi kiungo, mara moja, kisha ninaukwangua mfupa pande zote mbili, nyama inaachia yenyewe. Nakata kwenye kiungo, mfupa unatoka mzima. Huo unakwenda kwenye sufuria ya supu. Hii hapa, mnaiona, mishipa myeupe migumu: hiyo natoa, kwa sababu dakika nne haziwezi kuilainisha. Ngozi naitoa pia, maana haitapata muda wa kukauka. Sasa nachanjachanja upande huu wa ndani kwa makali ya kisu, mistari ya kwenda na ya kukatiza, bila kufika chini. Michanjo hii hukata nyuzi na kuipa chumvi mahali pa kuingilia. Kisha nakata mikanda ya upana wa kidole kidogo, na mikanda naikata vipande vya mraba. Paja moja kubwa au mawili ya wastani yanatosha kwa karai moja.

Mwenye kidari akitumie, lakini akitazame kwanza. Nyuzi za kidari zinaonekana kwa macho, zimelala upande mmoja. Kisu kizikatize, kisifuatane nazo. Nyama iliyokatwa kwa kufuata nyuzi hata ikipikwa vizuri hutafunika kama kamba. Kama inakuteleza, iweke kwenye friza nusu saa igande kidogo; itakatika kama jibini.

Kuku wa kienyeji simleti kwenye karai hili. Nampenda, na kwa supu au mchuzi wa nazi hana mpinzani, lakini nyama yake imejengwa kwa kutembea na inataka saa nzima na zaidi ya moto mdogo. Kidari cha pora, kikikatwa chembamba sana, kinawezekana. Tembe mzima, hapana.

Jambo moja la usafi kabla hatujaendelea. Najua nyumba nyingi hazikubali kuku asiyeoshwa. Kama ni lazima, mwoshe ndani ya bakuli, taratibu, si chini ya bomba, kwa sababu maji yanayoruka hubeba vijidudu vya salmonela na kampilobakta hadi kwenye sahani zilizo kando. Kisha umkaushe kwa karatasi au kitambaa safi ambacho kitafuliwa. Na ubao wa kuku usikatiwe kachumbari.

Nyama ikishakatwa inavishwa. Kwa gramu 220 weka robo kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha soya sosi, kijiko kimoja cha chakula cha maji, na vijiko viwili vya chai vya wanga. Hapa watu huchanganya. Nasema wanga ule mweupe laini kama poda, unaouzwa kwa jina la konflawa. Sembe ni kitu kingine na itakupa uji wenye chengachenga. Wanga wa viazi ni bora zaidi ukiupata. Tia kwanza chumvi, soya sosi na maji, ukoroge kwa mkono upande mmoja mpaka maji yote yanywewe na nyama. Utaona bakuli limekauka na nyama inanatanata. Chumvi imeanza kuyeyusha protini za juu ya nyama, na protini hizo ndizo zinazoyashika maji. Ndipo uweke wanga. Funika, acha dakika 15 au 20.

Wanga ukikutana na mafuta ya moto huvimba na kuganda kuizunguka nyama, kwenye digrii 65 hadi 70 hivi, karibu na pale ambapo nyama inaanza kutoa maji. Maji yanayotaka kutoka yanakuta mlango umefungwa. Siri yote ya ule ulaini mnaousifu kwenye migahawa ni hii. Baadhi ya wapishi huongeza ute wa yai, na wengine bikaboneti ya soda kidogo ambayo hupunguza ukakamavu wa nyama. Mimi sitii soda kwenye kuku wa kisasa. Tayari ni laini, na soda ikizidi hata kidogo huleta ladha ya sabuni.

Mapishi ya Kichina hutia pia mvinyo wa mchele wa Shaoxing. Kwa wasiotumia pombe, na katika ukumbi huu mko wengi, msione kwamba mnapika chakula pungufu. Uchina kwenyewe kuna Waislamu wengi, Wahui, wenye mapishi yao ya karne nyingi na migahawa yao katika miji mikubwa yote. Ponda tangawizi na majani ya kitunguu, loweka kwenye maji robo saa, ukamue. Maji hayo huondoa shombo la kuku, na wapishi wengi wa Kichina huyatumia hata pale ambapo mvinyo upo.

Chakula nilichokichagua kuwaonyesha ni gongbao jiding, kuku wa vipande mwenye karanga na pilipili kavu, ambaye mmewahi kumwona kwenye migahawa kwa jina la Kung Pao. Amepewa jina la Ding Baozhen, aliyezaliwa Guizhou mwaka 1820, akawa gavana wa Shandong, kisha mtawala mkuu wa Sichuan hadi alipofariki mwaka 1886. Gongbao ni cheo cha heshima alichopewa. Alikuwa mtu wa msimamo: mwaka 1869, akiwa Shandong, alimkamata na kumwua An Dehai, towashi kipenzi wa Malkia Mama Cixi, kwa sababu alitoka nje ya mji mkuu kinyume cha sheria. Mikoa yote mitatu, Guizhou, Shandong na Sichuan, hudai chakula hiki ni chake, na kila mmoja una namna yake ya kukipika. Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni jina la afisa wa kifalme halikuvumilika, chakula kikapewa majina mengine. Baadaye jina la zamani likarudi.

Ninachopenda zaidi katika chakula hiki ni safari ya vitu vyake. Karanga na pilipili zilitoka Amerika. Meli za Zheng He zilipofika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, hakukuwa na mpishi hata mmoja, si wa Kichina wala wa Kiswahili, aliyewahi kuonja pilipili kichaa au karanga hizi. Zilivuka bahari baada ya 1492, zikafika pwani yetu na pwani yao katika zama zile zile za merikebu za Wareno. Maandishi ya Kichina yanaitaja pilipili mwaka 1591, tena kama mmea wa mapambo, na ilichukua zaidi ya karne nyingine kabla Sichuan haijawa nchi ya pilipili. Kwa hiyo mtu asikwambie kuwa karanga na pilipili ni vitu vya kigeni kwenye jiko lako, au kwamba lazima uagize kila kitu kutoka mbali.

Kiungo kimoja kinatoka kwao hasa: huajiao, punje nyekundu ambazo hutia ganzi mdomoni. Hazina undugu na pilipili manga wala pilipili kichaa. Ni maganda ya tunda la mti wa ukoo wa mlimau na mchungwa, na pwani yetu tuna ndugu yake wa karibu, mjafari, ule mti wa miiba ambao magome na majani yake watu huyatumia kwa dawa. Sisemi mtie mjafari kwenye kuku. Nautaja ili mjue ukoo. Usipoipata huajiao, pika bila yake. Marekani ilizuia isiingizwe nchini kuanzia mwaka 1968 hadi 2005 kwa hofu ya ugonjwa wa michungwa, na miaka yote hiyo kuku huyu alipikwa huko.

Kabla ya kuwasha jiko, vitu vyote viwe vimekaa kwenye vibakuli, kwa mpangilio wa kuingia. Pilipili kavu sita au nane, zimekatwa, mbegu zimekung'utwa. Huajiao nusu kijiko cha chai, kama ipo. Kitunguu saumu punje tatu na tangawizi kiasi cha ncha ya kidole gumba, vyote vimekatwa vyembamba. Sehemu nyeupe za vitunguu majani vitano, zimekatwa kwa ukubwa wa vipande vya kuku. Karanga za kukaanga konzi moja, zimemenywa. Na rojo ndani ya kikombe: sukari vijiko viwili vya chai, siki viwili, soya sosi viwili, wanga nusu kijiko, na kijiko kimoja cha chakula cha maji au supu ya ile mifupa. Sichuan hutumia siki nyeusi ya mchele; siki yetu nyeupe ni kali zaidi, kwa hiyo anza na kijiko kimoja na nusu, uonje. Rojo likiwa tayari liwe tamu na chachu kwa pamoja, bila ladha moja kuishinda nyingine.

Pasha karai tupu mpaka tone la maji likianguka liruke na kukauka. Tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Ya alizeti yaliyosafishwa au ya karanga yanastahimili moto huu. Alizeti ya kukamua tu, isiyosafishwa, hufuka moshi mapema na kuwa chungu. Tia pilipili na huajiao. Hapa macho yasiondoke: pilipili inatoka nyekundu, inakwenda nyekundu ya kukolea, na baada ya hapo ni nyeusi na imeharibika. Ni suala la sekunde chache. Mara moja tia kuku, umtandaze, umwache. Utasikia mlio mkali wa kuchachatika, na mlio huo usikilizwe mpaka mwisho, kwa kuwa ndio habari ya kweli kutoka ndani ya karai. Ukififia na kuwa wa kutokota, maji yamekusanyika. Baada ya nusu dakika geuza, tenganisha vipande. Vikishakuwa vyeupe pande zote tia saumu, tangawizi na vitunguu, ugeuze mpaka harufu ipande. Koroga tena lile rojo, maana wanga umeshatuama chini ya kikombe, ulimimine pembeni mwa karai na si juu ya nyama, ili lipate moto kabla ya kufika katikati. Ndani ya sekunde 20 linakuwa zito na linang'aa. Kata kipande kikubwa kuliko vyote: kisiwe na wekundu, na mwenye kipimajoto aone digrii 74. Zima moto. Karanga zinaingia sasa, mwisho kabisa, ili zibaki kavu.

Kuhusu chombo sina mengi. Karai la chuma linafaa sana kwenye jiko la mkaa, ambako linakaa vizuri na kuzungukwa na joto. Subiri mkaa ushike wote uwe mwekundu, na upike penye hewa, maana moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Kwenye jiko la gesi karai la mviringo huyumba, na kikaango kipana cha chuma chenye kitako bapa ni bora. Vikaango vya tefloni visipashwe vitupu kwa moto mkali, kwa sababu utando wake huanza kuharibika na kutoa mvuke mbaya ukipita digrii 260. Mwenye kikaango hicho apike kwa moto wa wastani, apunguze nyama hata chini ya robo kilo.

Nakuja kwenye swali ambalo naliona machoni mwenu tangu mwanzo. Robo kilo watakula akina nani?

Yuan Mei alilijua swali hilo, akalijibu mle mle: isipotosha, basi wakimaliza kula, wakaangie nyingine. Tajiri mwenye mpishi anaweza kusema hivyo. Mimi nalichukulia jibu lake kwa uzito wote, na naona linawezekana hata kwa yule mama wa watu saba, tena bila gharama zaidi. Kila mkupuo ni dakika nne. Mikupuo mitatu ni dakika 12, ambazo hazizidi zile alizotumia kuchemsha kuku mzima kwenye maji yake akisubiri yakauke. Karai lifutwe kati ya mkupuo na mkupuo, lipashwe upya, mafuta mapya. Gesi ni ile ile au pungufu, na hilo si dogo kwa nyumba inayohesabu kama mtungi utafika mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Watu watahamia kwenye gesi kwa furaha zaidi wakijua kupika vyakula visivyoimaliza.

Lakini kuna jibu la pili, nalo ni la mezani. Huko kwao kuku huyu haji peke yake. Anakuja na sahani ya mboga za majani zilizokaangwa dakika mbili kwa saumu, na pengine bakuli la supu au mayai ya nyanya, na wali mweupe kwa kila mtu. Familia nzima inachota humo kidogo kidogo. Nyama ni ladha ya kusindikizia wali, haibebi mlo mzima. Sisi tumezoea sufuria moja ya mchuzi imbebe kila mtu, na mchuzi unaweza, kwa sababu maji yake yanaenea. Chakula hiki hakienei. Ukitaka kukirefusha kwa maji unakiua. Kirefushe kwa jirani zake: mchicha wa kukaanga mbio mbio, kabichi iliyokatwa nyembamba na kutiwa siki, maharage machanga. Mboga zikaangwe peke yake, kwanza, zitolewe. Ukizichanganya na kuku mbichi, nazo zina maji yake na zitakurudisha kwenye mchuzi.

Na yule anayechelewa kurudi, sehemu yake isipikwe. Iache kwenye friji ndani ya bakuli lake, imeshavishwa wanga, imefunikwa, na rojo lake kikombeni kando. Itakaa salama mpaka usiku, hata kesho yake. Akiingia, anawe mikono na kuvua viatu, karai linapata moto, na atakula kuku wa dakika hiyo hiyo, mwenye karanga kavu. Wasio na friji wapike zote, sehemu yake ifunikwe, aipashe kwa moto mkali kwa dakika mbili mpaka itoe mvuke kila mahali, na karanga zake wamwekee pembeni.